Colin Chapman: Mtu Aliyelifundisha Gari Kukata Kona



Katika mkutano wetu uliopita vijana kadhaa wa kidato cha tano waliuacha mpira wakaja kuyazunguka magari yaliyoegeshwa karibu na bwalo. Mmoja wao, baada ya kunisalimu kwa adabu, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa kusimama. Mtu mwenye gari dogo la mbio, akitaka lishike barabara vizuri zaidi kwenye kona, aanze na nini? Afunge vyuma vya kukaza bodi, abadili springi, au anunue shokapu ngumu? Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi.

Nimeona jibu lililo bora ni kusimulia maisha ya Mwingereza mmoja, Colin Chapman, aliyeanzisha kampuni ya magari ya Lotus. Alilishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Aidha, maisha yake yana mengine ambayo kijana anayetoka shuleni hana budi kuyajua, ya kufuatwa na ya kuepukwa.

Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 huko Richmond, kando ya London. Baba yake aliendesha Railway Hotel katika mtaa wa Hornsey, kaskazini mwa jiji hilo, na huko Hornsey ndiko kijana alikosoma sekondari. Baada ya hapo aliingia University College London kusomea uhandisi wa miundo, yaani elimu ya kujua jengo, daraja au bawa la ndege litabeba uzito gani kabla ya kuvunjika. Akiwa mwanafunzi alijifunza pia kurusha ndege.

Lakini akili yake haikutulia darasani. Pamoja na rafiki yake alikuwa akinunua magari makuukuu na kuyauza. Biashara hiyo ilimnyookea mpaka mwishoni mwa mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipofuta mgao wa petroli kwa magari ya watu binafsi. Bei zikaanguka. Chapman akauza yote kwa hasara, na faida yake yote ikayeyuka. Likabaki gari moja ambalo halikupata mnunuzi, Austin 7 kuukuu.

Mwaka 1948 akapata pigo la pili: alishindwa mtihani wa hesabu wa mwaka wa mwisho, akaondoka chuoni bila shahada. Wanafunzi wetu walioshindwa somo wasome hapa mara mbili. Chapman hakulalamika wala kusingizia wasahihishaji. Alirudia karatasi hiyo mwaka 1949, akafaulu na kupata shahada yake, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mtu huyo aliyeangushwa na hesabu ndiye baadaye aliyeyashinda magari ya matajiri kwa nguvu ya hesabu.

Lile gari lisilonunuliwa alilipeleka katika gereji ndogo ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, akalivua bodi. Chesisi ya Austin 7 ilikuwa vyuma viwili virefu vyenye umbo la mfereji, vinavyokutana mbele kama herufi A. Ilikuwa nyepesi na rahisi, lakini ilijisokota ovyo. Hapa ndipo elimu ya miundo ilipoanza kufanya kazi.

Msomaji anaweza kuifahamu elimu hiyo bila kwenda chuo kikuu. Chukua boksi la viatu lisilo na kifuniko, shika ncha zake mbili, ulisokote kama mtu anayekamua nguo. Litakubali bila ubishi. Sasa weka kifuniko, ukigandishe kwa gundi pande zote, ujaribu tena. Karatasi ni ile ile, lakini boksi limekuwa gumu. Au pigilia mbao nne ziwe mraba, kisha usukume pembe moja: mraba utalala upande. Ongeza ubao mmoja wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, hautalala tena. Kila fundi wa paa anaijua siri hiyo, ndiyo maana kenchi zina pembetatu.

Chapman alilijengea gari lake bodi ya plaiwudi iliyofunikwa bati la alumini, mfano wa ndege, ili bodi yenyewe isaidie kuikaza chesisi. Katika magari yaliyofuata alifunga mifereji ya chesisi iwe maboksi na kuongeza mabomba ya mshazari. Vilevile aliikata ekseli ya mbele katikati, ili kila gurudumu lipande na kushuka bila kulivuta la pili. Kwa maneno mengine, yale mambo mawili ambayo kijana wetu aliniuliza, kukaza chesisi na kurekebisha sasipensheni, Chapman aliyafanya kwa pamoja tangu mwanzo, kwa fedha kidogo sana.

Mwaka 1952 alianzisha kampuni ya Lotus katika mabanda ya farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Mtaji wa pauni 25 alikopeshwa na Hazel. Mchana aliajiriwa katika kampuni ya alumini, na kazi ya magari aliifanya usiku na siku za mapumziko hadi mwisho wa mwaka 1954. Mwaka huo pia alimwoa Hazel.

Gari lake la kwanza kuuzwa kwa wengi, Mark VI, liliiacha kabisa chesisi ya kununua. Alichomelea mabomba membamba ya chuma yakawa kizimba cha pembetatu, na kizimba hicho kitupu kilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi, kama nusu ya mfuko wa saruji. Mnunuzi aliletewa vipande akajifungia mwenyewe nyumbani, na kwa njia hiyo akaepuka kodi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Sisi tuliokaa maofisini tunaweza kutikisa kichwa, lakini sheria ya siku hizo iliruhusu. Mrithi wa gari hilo, Lotus Seven la mwaka 1957, lilipendwa kiasi kwamba haki ya kulitengeneza iliponunuliwa na kampuni ya Caterham mwaka 1973, iliendelea kulitengeneza miaka mingi baadaye.

Sifa zake zilienea. Kwa msimu wa mwaka 1956 tajiri mmoja aliyekuwa na timu ya Vanwall alimwita aibuni upya chesisi na sasipensheni ya gari lake la mashindano makubwa. Chapman alikuwa hajafikisha hata umri wa miaka thelathini. Mwaka 1958 Vanwall ilitwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa watengenezaji wa magari ya Formula One, ikiwashinda Waitaliano.

Tusimame kidogo tueleze fikra yake, maana ndiyo kiini cha jibu langu. Watu wengi wa wakati wake waliamini kwamba gari la mbio lazima liwe na springi ngumu. Walikuwa na sababu: chesisi zao zilikuwa laini, hivyo springi zikilegezwa gari zima liliyumba. Chapman aligeuza jambo hilo. Alisema, kwa vitendo, kwamba chesisi inayojisokota ni springi ya tano isiyo na shokapu. Fundi anaweza kupima pembe za magurudumu asubuhi mpaka jioni, lakini gari likiingia kwenye kona chesisi hujipinda na vipimo vyote hupotea. Basi kwanza ikaze chesisi, bila kuongeza uzito. Ikishakuwa ngumu, springi zinaweza kuwa laini na kupewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu nzuri zikazizuia zisirukeruke. Gurudumu litafuata kila shimo na kila tuta, na tairi halitaachana na barabara. Tairi lililoko hewani halikati kona, hata kama liligharimu mshahara wa mwezi.

Mfano mzuri wa fikra hiyo ni Lotus Elan la mwaka 1962. Chini ya bodi yake ya faibaglasi kulikuwa na boksi moja refu la bati la chuma lililopita katikati kama uti wa mgongo, limegawanyika mbele na nyuma kama panda ya manati ili kubeba injini na sasipensheni. Gari lote lilikuwa na uzito wa kilo 680 hivi. Springi zake zilikuwa laini kuliko za magari mengi ya kawaida, lakini lilikata kona kwa namna iliyowashangaza waandishi wa habari za magari. Wajapani walilichunguza gari hilo kwa makini. Mazda MX-5 iliyotoka mwaka 1989 ilifuata nyayo zake waziwazi.

Mwaka huo huo wa 1962 Chapman alileta Lotus 25 katika Formula One. Mabomba yaliondolewa. Badala yake mabati ya alumini yalipigwa ribiti yakawa beseni refu ambalo dereva alilala ndani yake, na mabati yale yale yalibeba mizigo yote. Chesisi hiyo ilikuwa ngumu mara tatu kuliko ya gari lililotangulia, na uzito wake ulikuwa nusu. Mskoti Jim Clark alilipanda mwaka 1963 akashinda mashindano saba kati ya kumi na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1965 alirudia ubingwa na pia akashinda Indianapolis 500 huko Marekani kwa Lotus 38, gari la kwanza lenye injini nyuma ya dereva kushinda huko. Katika Lotus 49 ya mwaka 1967 Chapman alikwenda mbele zaidi: injini yenyewe ikawa sehemu ya chesisi, na sasipensheni ya nyuma ikafungwa juu yake.

Sasa nije kwenye gari ambalo wazee wetu wa Afrika Mashariki wanalikumbuka. Ford walimwomba Chapman aichukue Cortina yao ya kawaida na kuigeuza kuwa ya mbio. Lotus Cortina ilitoka mwaka 1963. Chapman alifunga vyuma vya kukaza ndani ya buti, milango na boneti akazifanya za alumini, na nyuma akaondoa springi za bamba. Badala yake aliweka springi za mviringo na mkono wenye umbo la herufi A ulioshikizwa chini ya difu. Kwenye uwanja wa mashindano lilipaa kama mwewe. Lakini nguvu iliyokuwa ikigawanywa na springi za bamba sasa yote iliingia kwenye kasha la difu. Bolti zililegea, oili ikavuja, na oili hiyo ikaziharibu bushi za mpira.

Wakati huo huo Cortina GT, yenye springi zake za bamba, ilishinda East African Safari mwaka 1964 ikiendeshwa na Peter Hughes na Billy Young, katika matope na vumbi tunavyovijua. Katikati ya mwaka 1965 mkono wa A ulifutwa, na Lotus Cortina ikarudishiwa springi za bamba pamoja na mikono ya kuishikilia ekseli. Mwaka 1966 gari la aina hiyo lilishinda RAC Rally ya Uingereza. Funzo lake ni kwamba nguvu haipotei. Ukikaza mahali pamoja, unaihamishia pengine, na huko pengine kama hakukuandaliwa ndiko kutakakovunjika.

Na hapa tunaingia upande wa pili wa maisha yake, ambao sitaufunika. Chapman alipenda wepesi kupita kiasi. Kila chuma kwake kilikuwa kizito mpaka kithibitishe vinginevyo. Mwezi Juni 1960 huko Spa, Ubelgiji, Lotus ya Stirling Moss ilichomoka gurudumu katika mazoezi, naye akavunjika miguu. Siku hiyo hiyo Lotus ya Mike Taylor ilikatika nguzo ya usukani. Taylor aliumia vibaya, akaishtaki kampuni na kushinda kesi. Mwaka 1968 Jim Clark, aliyekuwa rafiki mpenzi wa Chapman, alifariki huko Hockenheim, Ujerumani, akiendesha Lotus. Mwaka 1970 Jochen Rindt alikufa Monza baada ya ekseli ndogo ya breki ya mbele kuvunjika, na reli za kandokando ya barabara zilizofungwa vibaya zikalimaliza gari. Alikuwa na pointi nyingi kiasi kwamba alitangazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Si haki kumbebesha Chapman vifo vyote hivyo. Siku hizo mbio zilikuwa za hatari na madereva wengi wa timu nyingine walikufa pia. Hata hivyo madereva wake walijua kwamba Lotus ilikuwa ama ya kwanza ama imevunjika. Kipimo cha chuma kinaandikwa kwa kalamu, lakini anayekikalia ni binadamu.

Ushindi uliendelea. Hadi mwaka 1978 timu yake ilikuwa imetwaa ubingwa wa watengenezaji mara saba na wa madereva mara sita. Mwaka huo Lotus 79, iliyotumia umbo la tumbo lake kuvutwa na hewa hadi chini kwenye barabara, iliwaacha wote. Lakini tazama kejeli ya mambo. Mvuto huo wa hewa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba chesisi ya Lotus 79 ilianza kujipinda. Timu ya Williams ilichukua wazo lile lile, ikatengeneza chesisi ngumu zaidi, na mwaka 1979 ikampita. Mwalimu alishindwa kwa somo lake mwenyewe. Mwaka 1981 alijibu kwa Lotus 88 yenye chesisi mbili, ya nje kubeba mzigo wa hewa kwa springi ngumu na ya ndani kumbeba dereva kwa springi laini. Wasimamizi waliikataa.

Miaka hiyo hiyo kampuni yake ilipewa kazi ya kukamilisha ubunifu wa gari la DeLorean, lililotengenezwa Ireland ya Kaskazini kwa fedha za serikali ya Uingereza. Gari lilipata chesisi ya uti wa mgongo kama za Lotus, lakini zaidi ya dola milioni 17 zilizotolewa kwa kazi ya ubunifu zilipitishwa kwenye kampuni ya pembeni na hazikufika zilikokusudiwa. Kabla mambo hayajafika mahakamani, Chapman alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na umri wa miaka 54. Mwaka 1992 mkuu wake wa fedha alifungwa gerezani, na jaji alieleza kwamba kama Chapman angekuwa hai, kifungo chake kisingepungua miaka kumi.

Nimefanya kazi ya umma muda wa kutosha kujua uzito wa maneno hayo. Fedha za umma nazo ni muundo. Kila hundi isiyo na maelezo ni bolti iliyolegea, na siku ya kona kali hujulikana.

Basi, mdogo wangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kabla hujanunua kitu chochote, liinue gari ulitazame chini. Kutu ikiwa imekula sehemu zinazobeba sasipensheni, hakuna chuma cha kukaza kitakachosaidia. Badilisha bushi na boljointi zilizochoka, maana gari lenye bushi zilizokufa ni kama kitanda cha kamba zilizolegea. Kisha nunua matairi mazuri, kwa kuwa hayo pekee ndiyo yanayogusa barabara, halafu upime pembe za magurudumu.

Baada ya hapo njoo kwenye shokapu, kwa sababu shokapu nzuri juu ya springi za kawaida hushinda springi ngumu juu ya shokapu mbovu. Springi za kushusha gari ziwe za mwisho, hasa kwa barabara zetu: gari likikosa nafasi ya kushuka, litagonga vizuizi katikati ya kona na kuruka. Stabilaiza nene hupunguza kuinama, lakini ukinenepesha ya mbele peke yake, gari litakataa kugeuka na kwenda mbele tu.

Vyuma vya kukaza bodi vina faida mahali ambapo bodi hujipinda kweli, kama magari ya wazi yasiyo na paa, au yale ambayo vichwa vya shokapu za mbele vimesimama mbalimbali bila kuunganishwa. Kwa gari ambalo kiwandani lilitoka gumu, ni mapambo na uzito. Fanya jambo moja kwa wakati mmoja, uliendeshe, uandike ulichoona, ndipo ufanye la pili. Na kila unapokaza, jiulize ile nguvu sasa imehamia wapi.

Chapman alijiuliza swali hilo kuhusu vyuma karibu maisha yake yote. Kuhusu watu na fedha, alijiuliza mara chache mno. Sisi tuliopata elimu katika madarasa haya haya mnayoketi leo tungependa muwe na ukali wake wa akili na ule moyo wa kurudia mtihani, na kwa hayo mengine mumzidi.

Tukijaliwa tutakutana tena mkutanoni. Magari yatakuwa pale pale karibu na bwalo, na mimi nitakuja na jeki.